Simu ya geti Pwani huuawa na chumvi, si mvua

Kwa Mhariri,

Kila masika yakikaribia, swali moja huzunguka madukani na kwa mafundi wa simu hapa Mombasa: nitapata wapi simu ya geti iliyo rahisi, isiyoingia maji, ambayo nitaiunga kwenye simu za nyumbani nilizo nazo tayari? Anayeuliza hataki kamera wala programu ya kupakua. Anataka mgeni abonyeze kitufe getini, simu ya sebuleni na ya jikoni zilie, bibi aliye ghorofani ainue mkono wa simu aulize "nani mwenzangu?", kisha afungue geti bila kushuka ngazi. Kuta za Nyali, Kizingo na Tudor zimekuwa ndefu, feni na eyasii zinavuma ndani, na hodi ya mdomo haifiki tena. Haja hii ni ndogo na ni ya haki. Inatuuma kuona watu wakiuziwa vifaa visivyomaliza hata masika mawili, na tunaomba nafasi tueleze kinachofaa na kwa nini.

Tuanze na aina, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Simu za geti zinazoungana na simu za nyumbani ni za namna tatu. Ya kwanza ina nyaya mbili tu na huingia kwenye tundu la kawaida la ekstensheni (laini ya simu ya ndani ya nyumba), kama simu yoyote ya mezani. Umeme wake unatoka kwenye laini hiyohiyo, kwa hiyo haihitaji adapta getini wala betri. Ya pili imetengenezwa kwa ajili ya mtambo wa kampuni yake, yaani kile kisanduku kinachounganisha simu za ndani na laini za nje, na huhitaji kadi maalumu. Panasonic KX-TES824, kwa mfano, huja na laini 3 za nje na ekstensheni 8, lakini simu ya mlangoni iliyotengenezwa kwa ajili yake haitalia mpaka kadi ya simu za mlangoni iongezwe ndani ya mtambo. Mnunuzi asiyeambiwa habari ya kadi hurudi nyumbani na simu isiyo na pa kuchomekwa. Ya tatu ni ya mtandao: kebo moja hubeba sauti na umeme, na kebo hiyo haipaswi kuzidi mita 100 kutoka kwenye swichi ya mtandao inayotoa umeme.

Kwa nyumba ya kawaida tunashauri ile ya kwanza, ya nyaya mbili. Ikinyamaza, unafungua nyaya zake, unaunga simu yoyote ya mezani mahali pake, na kwa dakika moja unajua kama ubovu uko getini, kwenye kebo au kwenye mtambo. Ikiharibika kabisa unanunua ya kampuni nyingine na nyaya ni zilezile. Isitoshe, kinachokaa juani na kwenye chumvi ni kipaza sauti, kinasa sauti, kitufe na kibao kidogo cha saketi, basi. Ubongo wote unabaki ndani ya nyumba, pakavu.

Kama simu zako za nyumbani zimehamia kwenye intaneti, bado unaweza kutumia simu ya nyaya mbili. Adapta kama Grandstream HT801 ina tundu moja la simu ya kawaida, na HT802 ina mawili. Adapta inakaa ndani karibu na ruta, na nyaya mbili zinatoka kwenda getini. Intakomu za laini ya simu ya mkononi zinauzwa sana siku hizi, na zinafaa geti lililo mbali mno kufikishwa kebo, lakini kila mgeni anatumia salio, na laini iliyoishiwa ikasahaulika haipigi popote.

Sasa chumvi. Maduka huonyesha herufi IP na tarakimu mbili, na mnunuzi anaamini kazi imekwisha. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP54 huvumilia marashio. IP65 haiingii vumbi na hustahimili maji ya mpira, lita 12.5 kwa dakika. IP67 huzamishwa maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kifaa kikiwa kipya na mpira wake wa kuzibia ukiwa laini. Havisemi lolote kuhusu hewa ya bahari. Tazama kidau cha chumvi jikoni kinavyoloa chenyewe usiku bila mtu kukitia maji: chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na Mombasa usiku unyevu hupita hapo mara nyingi. Kwa hiyo vumbi la chumvi lililoingia kwenye sanduku la simu hulowa kila usiku, masika na kiangazi, na hugeuka njia ya umeme.

Fungua simu ya geti iliyokufa karibu na ufuo, utazame skrubu mbili za laini. Mara nyingi moja bado inang'aa. Ya pili imefunikwa unga wa kijani, na waya wake ukiugusa kwa ncha ya bisibisi unakatika kama kijiti cha ufagio. Nyaya hizo hukaa na umeme wa moja kwa moja (DC) mchana na usiku, hata simu isipotumika, kwa kawaida kati ya volti 24 na 50 kulingana na mtambo. Palipo na unyevu wa chumvi kati ya skrubu hizo, mkondo mdogo hupita na shaba ya upande chanya huyeyuka polepole. Ndiyo sababu huoza mmoja. Dalili hufuatana hivi: kwanza mikwaruzo alfajiri, halafu mtambo unadhani mkono wa simu umeinuliwa na ekstensheni ya geti inaonekana inatumika saa zote. Ikifika saa sita mchana jua limekausha, simu inapona, na mwenye nyumba anaambiwa anunue mtambo mpya. Mtambo hauna kosa. Tenga kebo pande zote mbili, weka mita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, pima kati ya nyaya mbili. Isipoonyesha kitu, kebo ni nzima. Ikionyesha kilo-omu makumi kadhaa, kuna unyevu, na uutafute kwenye viungo kabla ya pengine popote.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usiunge nyaya kwa kuzisokota na kufunga utepe mweusi. Utepe huo huachia kwa joto na hufuga maji. Tumia vile vibanio vidogo vya simu vyenye jeli ndani, vinavyobanwa kwa koleo, au angalau paka grisi ya silikoni kwenye skrubu baada ya kukaza. Na hapa tunasisitiza sana: silikoni ya kuzibia inayonuka siki isikaribie sanduku hilo. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Dukani omba silikoni isiyo na asidi, au inusie kabla ya kulipa.

Kuziba nako kuna namna yake. Fundi mwenye nia njema huzunguka sanduku lote kwa silikoni, juu, kando na chini. Hapo ameifungia simu maji. Jua la mchana huipasha sanduku moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka, kisha mvua ya ghafla inalipoza na hewa inarudi kwa kunyonywa, pamoja na maji yaliyo karibu na upenyo wowote. Ziba juu na kando mbili, acha chini wazi ili kinachoingia kitoke. Kebo iingie kutoka chini kupitia kibanio chake cha mpira, na kabla ya kuingia ishuke kidogo kuliko tundu kisha ipande, ili tone lidondoke hapo badala ya kuufuata waya mpaka ndani. Nguzo za mawe ya matumbawe hunyonya maji na kuyashika siku nyingi, kwa hiyo usiliache sanduku ligusane na jiwe tupu. Weka kipande cha plastiki au mpira nyuma yake, na tumia plagi ndefu za ukutani kwa sababu jiwe hilo ni laini na plagi fupi hulegea.

Mahali pa kufunga pana uzito sawa na simu yenyewe. Mvua kubwa ya hapa huja na kusi, kutoka kusini mashariki. Kama nguzo ya geti ina upande unaotazama kaskazini au magharibi, au upande wa ndani ya uchochoro wa geti, funga huko. Kofia ya bati la alumini inayotokeza sentimita 15 juu ya simu hufanya kazi kubwa kuliko kupanda daraja moja la IP. Chini ya kibaraza, IP54 inatosha. Nje peupe, chukua IP65. Urefu wa mita 1.4 kutoka chini unamfaa mtu aliyesimama, na mita 1.2 kama kuna mgeni wa kiti cha magurudumu.

Kuhusu chuma, neno stenlesi peke yake halitoshi. Stenlesi 304, inayouzwa kwa wingi, hutoa madoa ya kutu mekundu karibu na bahari. Stenlesi 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na ndiyo ya kutafuta Nyali, Bamburi na Shanzu. Skrubu ziwe 316 pia. Uso mzuri uliofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida hautafunguka tena baada ya mwaka. Plastiki nzuri si aibu. Plastiki haishiki kutu, lakini vifuniko vyembamba vyeupe hugeuka njano na kupasuka kwa jua, na vitufe vya mpira laini huchanika pembeni na kuingiza maji. Kitufe cha chuma kinachobonyea kidogo tu ndicho kinachodumu. Tundu la kinasa sauti litazame chini au liwe na utando nyuma yake: nyigu wa udongo hupenda sana tundu la milimita chache, na sisimizi huingia kwenye relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme kufungua geti) wakabanwa kati ya vidole vyake mpaka geti likakataa kufunguka.

Kebo. Kwa sauti, hata waya mwembamba wa kipenyo cha milimita 0.5 unatosha kabisa; mita 300 za kebo hiyo ni chini ya omu 60 kwenda na kurudi, na simu haitahisi. Chagua iliyojazwa jeli kama inapita ardhini, ndani ya bomba la plastiki, yenye jozi mbili au zaidi ili pawe na akiba. Isiwe bomba moja na waya wa stima wa volti 240. Ni hatari kwa mtu, na pia huleta mvumo kwenye sauti. Epuka kebo za bei rahisi za alumini iliyopakwa shaba. Palipokwaruzwa tu, chumvi hula alumini haraka.

Kitasa cha umeme ni jambo jingine kabisa, na wengi hukosea kwa kutumia jozi ya akiba ya kebo ileile. Chukua kitasa cha volti 12 kinachotaka ampea 1, geti likiwa mita 30 kutoka kwenye adapta. Kwa waya wa milimita 0.5, njia ya kwenda na kurudi ni omu 5 na zaidi, na kitasa hupata volti 8 hivi. Kitanguruma bila kufunguka, na mwenye nyumba atabadilisha kitasa mara mbili bila faida. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba kinapata zaidi ya volti 11. Kitasa kikiwa cha umeme wa moja kwa moja, weka diodi 1N4007 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye ncha zake mbili, mstari wa diodi ukielekea upande chanya. Bila hiyo, koili inapoachia hurusha volti nyingi zinazounguza vidole vya relei.

Usiruhusu waya wa kitasa upitie ndani ya simu ya nje. Mwizi akifungua skrubu nne, akagusanisha nyaya mbili, geti limefunguka. Relei ikae ndani ya nyumba, ama iwe ya kadi ya mtambo, ama iwe kifaa cha pembeni. Na kwa kweli, kama simu ya kujibia iko mahali pamoja, kitufe cha kawaida cha kengele kilichofungwa ukutani karibu nayo, kikiunga adapta na kitasa, kinamfaa mzee kuliko namba ya siri ya kukumbuka na kubonyeza simu ikiwa sikioni. Anayetaka namba abadilishe ile iliyotoka kiwandani siku hiyohiyo.

Upande wa mipangilio, yapo mambo manne ya kumdai fundi. La kwanza: laini ya geti ijipigie yenyewe. Mitambo mingi ina mpangilio wa ekstensheni kuita namba fulani mara tu inapoinuliwa, na HT801 inao pia. Ukiutumia, simu ya geti haihitaji kumbukumbu ya namba, na siku ukiibadilisha hakuna cha kupanga upya getini. La pili: ekstensheni hiyo izuiwe kabisa kupiga nje. Nyaya zake ziko barabarani, na mtu akiunga simu yake hapo asiweze kupiga popote isipokuwa ndani ya nyumba.

La tatu ndilo hupuuzwa zaidi: kukata. Simu ya geti haina mkono wa kurudishwa chini, kwa hiyo lazima ijue yenyewe kwamba mazungumzo yamekwisha. Nyingine husikiliza mlio wa laini iliyokatwa, nyingine husubiri mkondo ukatike kidogo. Mlio wa mtambo wako usipolingana na ule ambao simu imefundishwa, itashikilia laini, mgeni wa pili atabonyeza kitufe kisichofanya lolote, na maongezi ya barabarani yatabaki yanasikika. Washa mpangilio wa kukata mkondo kwenye adapta, na kwenye simu yenyewe weka kikomo cha sekunde 60 hadi 90. La nne ni kwa wenye kufungua kitasa kwa namba kupitia adapta ya intaneti: sauti isibanwe. Kwenye mipangilio ya sauti ya adapta chagua G.711, ambayo haibani sauti; kwa G.729, inayoibana, milio ya namba hupotoka na kitasa hakiitiki.

Sauti ikipiga mluzi, punguza kipaza kwanza, usikimbilie kubadilisha simu. Barabara yenye tuktuk na matatu humfanya kila fundi aongeze sauti mpaka mwisho, na hapo kinasa kinajisikia chenyewe.

Radi za masika nazo zisisahaulike. Kebo inayotoka nje ya nyumba iwekewe kinga ya laini ya simu inapoingia, yenye tyubu ya gesi ya volti 230, na waya wake wa ardhi uwe mfupi na ufike kwenye ardhi ileile ya nyumba. Kinga isiyounganishwa na ardhi haikingi kitu. Mtambo au adapta ikae kwenye betri ya akiba, maana stima ikipotea geti ndilo linalohitajika zaidi.

Kwa wauzaji tuna ombi moja. Andikeni kwenye kadi ya bei mambo manne: ni nyaya mbili au inataka kadi, daraja la IP, aina ya chuma cha uso na cha skrubu, na relei iko wapi. Sanduku likiwa halina habari hizo, mnunuzi ana haki ya kufunguliwa simu atazame skrubu na mpira kabla ya kutoa pesa.

Na wewe mwenye nyumba, kabla hujamlipa fundi, fanyeni jaribio hili pamoja. Mwagieni simu ya geti ndoo nzima ya maji baridi kutoka juu na kando. Subirini nusu saa. Bonyeza kitufe, mwenzako ajibu ndani, afungue geti, aweke simu chini. Hesabu mpaka kumi ukisikiliza kipaza kimenyamaza, kisha bonyeza tena. Ikilia mara ya pili, mwambie fundi afungue kifuniko umulike kwa tochi. Pakiwa pakavu, mlipe. Baada ya hapo ni kitambaa chenye maji baridi kila mwezi kuifuta chumvi, na kufungua kifuniko mara moja kwa mwaka, kusi ikiisha, kuzitazama zile skrubu mbili.

Mafundi wa simu na intakomu,
Mombasa